Mpira mwembamba, hewa kidogo? Kutafuta kosa kwenye mashine ya kulalia

Mpwa wangu aliyeko Uingereza alinitumia mpira mpya wa kupitishia hewa wa mashine yangu ya kulalia, ile inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili pumzi isikatike usingizini. Mwembamba, mwepesi, umekunjwa vizuri ndani ya mfuko wake. Ule wa zamani ulikuwa mnene, ukinilalia kifuani kama nyoka aliyeshiba, na kila nikigeuka ulivuta barakoa ikakaa upande. Nikaufunga mpya usiku huohuo, hapahapa Ng'ambo, Tabora. Saa saba usiku nikajikuta nimeketi kitandani, barakoa mkononi, navuta hewa ya dirishani. Mke wangu akauliza, "Baba Neema, umeota?" Nikamwambia hapana, mashine inaninyima hewa.

Kumbe mashine haikuwa na kosa, na mpira nao haukuwa na kosa. Ni kwamba hawakuwa wametambulishana.

Nimekula mkate wa reli miaka mingi, kazi yangu ikiwa kukagua mabehewa, kwa hiyo habari za mipira, viungio na hewa inayovuja si ngeni kwangu. Tangu usiku ule, wenzangu tunaougua kukatika kwa pumzi usingizini, wa hapa Tabora na wa Kigoma, hunipigia simu mashine zao zikisumbua. Nimeandika hapa yale ninayowauliza. Jambo moja niliweke wazi mapema: kiwango cha msukumo ulichoandikiwa ni cha daktari, usikiguse. Tunachotafuta hapa ni kama kiwango hicho kinafika puani.

Nikisema msukumo, namaanisha kile ambacho wengi wetu hukiita presha ya mashine. Neno presha nimeliacha makusudi, maana ukilitamka mbele ya wazee mazungumzo yanahamia kwenye chumvi. Msukumo huu hupimwa kwa sentimita za maji. Chukua mrija wa soda, uzamishe kwenye jagi la maji mpaka ncha yake iwe sentimita 10 chini, upulize polepole hadi kiputo cha kwanza kitoke. Umepuliza 10. Mashine zetu hizi za kulalia, kitaalamu CPAP, kwa kawaida hufanya kazi kati ya 4 na 20.

Ujue kwanza una mpira gani

Usidanganywe na midomo ya mpira. Midomo karibu yote ni ya milimita 22, ili mpira wowote uingie kwenye barakoa yoyote. Kinachotofautiana ni tundu la katikati. Mpira wa kawaida una tundu la milimita 19 hivi, mwembamba una 15, na ipo myembamba zaidi ya 12. Urefu ni mita 1.8 hadi 2. Chukua rula ya mtoto wa shule, upime tundu baada ya kupita ule mdomo mgumu.

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu mashine nyingine kwenye menyu huuita mpira wa kawaida "22" na nyingine huuita wa kawaida tu. Ni mpira uleule. Kama rula yako imesoma 19 na menyu inasema 22, lala salama.

Dalili: hewa haitoshi, hasa ninapovuta pumzi

Hili ndilo kubwa, na ndilo lililoniamsha mimi.

Tuanze na kitu nilichokijua kwenye mabehewa kabla sijakijua kitandani. Treni ndefu ikiwa imesimama na mipira ya breki imefungwa sawasawa, geji ya kichwani na geji ya mkiani husoma karibu sawa, hata treni iwe ndefu vipi. Pakitokea uvujaji mahali, geji ya mkiani ndiyo inayosema ukweli. Maana yake, mpira peke yake hauli msukumo. Msukumo huliwa pale hewa inapotembea ndani ya mpira, na kadiri inavyotembea kwa kasi ndivyo unavyoliwa zaidi.

Kwenye mashine ya kulalia hewa haisimami kamwe. Barakoa ina vitundu vya makusudi vya kutolea pumzi iliyotumika, na humo peke yake zinaweza kutoka lita 30 na kitu kwa dakika ukiwa kwenye msukumo wa 10. Ukivuta pumzi unaongeza nyingine kama 30 kwa kitambo kifupi. Kwa hiyo katikati ya kuvuta, mpira unapitisha takribani lita 60 kwa dakika. Ukitoa pumzi, mwendo unashuka. Ndiyo sababu mtu hasemi "hewa ni ndogo usiku kucha", anasema "nikivuta inakata". Masikio yako yakisikia neno hilo, mshuku mpira.

Sasa upana. Tundu la 19 na la 15 ukiyatazama kwa jicho unaona tofauti ya milimita nne, si kitu. Lakini nafasi ya hewa kupita kwenye la 19 ni mara 1.6 ya la 15. Lita zilezile 60 zinakwenda mita 3.5 kwa sekunde kwenye mpira mpana, na karibu mita 5.7 kwenye mwembamba. Na msuguano haupandi kwa hesabu ya sokoni, moja kwa moja. Hewa ikiteleza kwa utulivu, msuguano huongezeka kadiri upana unavyopungua, kwa kipeo cha nne, yaani upana ukipungua nusu, msuguano unakuwa mara 16; ikitibuka hukaribia kipeo cha tano, na kwa mwendo huo inatibuka. Mpira wa 15 unakula msukumo kama mara tatu ya ule wa 19. Kwa mpira wa mita 1.8 wenye kuta laini ndani, hesabu yangu inaleta upotevu wa 0.3 kwa mpana na 0.9 kwa mwembamba. Mikunjo ya ndani, ile inayofanana na koromeo, huongeza vyote viwili.

Utasema 0.9 ni kitu gani kwa mtu aliyeandikiwa 10? Si kikubwa, na hapa natofautiana na wale wanaoutukana mpira mwembamba moja kwa moja. Mashine za siku hizi zinajua hesabu hiyo kuliko mimi: ukiziambia mpira ni wa 15, zinaongeza msukumo kidogo pale unapovuta, ili puani pafike kile kilichoandikwa. Usipoziambia, zinadhani bado ni wa 19, na lile pengo linabaki kwako. Kwangu ndivyo ilivyokuwa. Kwenye menyu palikuwa na sehemu ya aina ya mpira, imewekwa wa kawaida. Nikabadilisha kuwa mwembamba, nikalala hadi adhana ya alfajiri.

Katika baadhi ya mashine sehemu hiyo iko wazi kwa mgonjwa, katika nyingine imefichwa kwenye menyu ya mtaalamu. Kama imefichwa, mpigie aliyekupangia mashine. Mipira yenye waya wa joto ndani yake, kwenye mashine nyingi za sasa, hujitambulisha yenyewe kupitia ule mdomo wenye pini. Mashine za zamani kabisa hazina sehemu hiyo. Hizo zibaki na mpira wa 19, tusibishane.

Kama umeshaitambulisha na bado inakata, mambo mengine matatu.

La kwanza, mwanzo wa pole. Mashine nyingi huanza na msukumo wa chini, mara nyingi 4, kisha hupanda kidogokidogo kwa dakika kadhaa ili upate usingizi. Kwa mtu mwenye kifua kikubwa, 4 ni kama kupumulia kwenye mfuko. Ukisikia kubanwa dakika za mwanzo tu, kisha panakuwa sawa, mpira hauhusiki kabisa. Zima mwanzo wa pole au omba uanzie juu zaidi.

La pili, chujio. Hili la Tabora usilipuuze. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, vumbi letu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na moshi wa kuchoma mashamba juu yake. Chujio jeupe linalogeuka rangi ya majivu linaibana mashine kwenye kuvuta hewa kabla hata haijafika kwenye mpira. Lile jeupe la karatasi halifuliwi, linabadilishwa. Lile jeusi la sponji ndilo linalooshwa na kukaushwa kivulini.

La tatu, mpira uliobonyea. Mwembamba ni laini, hupita chini ya mto, chini ya bega, ukabanwa na fremu ya kitanda. Fuata kwa mkono tangu mashine hadi puani, gizani, ukiwa umelala vile unavyolala. Ukiukagua mchana ukiwa umesimama hutaona kitu.

Kipimo cha kumaliza ubishi: rudisha mpira wa zamani usiku mmoja, na mpangilio wake. Dalili ikiondoka, ni mpira au utambulisho wake. Ikibaki, mwache mpira apumzike, utafute kwingine.

Dalili: hewa imezidi, barakoa inapuliza machoni

Hii ni kinyume cha hiyo ya juu, na inawapata wanaorudi kwenye mpira mpana wakasahau kubadilisha mpangilio. Mashine bado inadhani ina mwembamba, inaongeza msukumo ambao hakuna anayeuhitaji. Barakoa inainuka, jicho linakauka, tumbo linajaa hewa. Rudisha mpangilio.

Lakini mara nyingi zaidi ni uzito. Mpira mpana unavuta barakoa kila ukigeuka. Upitishe juu ya kichwa cha kitanda, uufunge na ukanda wa kitenge kwenye nguzo ya chandarua. Hapa mpira mwembamba unashinda wazi, na kwa wanaolala upande ningewashauri huo bila kusita.

Dalili: mluzi na kelele

Hewa inayokwenda mita 5.7 kwa sekunde kwenye mikunjo itasema tu. Mpira mwembamba una sauti kuliko mpana, usitafute mchawi. Sauti hiyo ni ya kuendelea, hupanda ukivuta na kushuka ukitoa. Kama ni mluzi mkali unaotoka sehemu moja, pitisha mdomo wako uliolowa taratibu karibu na viungio. Utausikia ubaridi wa hewa inayotoroka.

Kelele ya vitundu vya barakoa ni haki yake, usiizibe. Mzee mmoja alibandika plasta ili mkewe alale. Vitundu vile ndivyo vinavyotoa hewa uliyokwisha kuipumua. Ukiviziba unairudisha kifuani. Aliamka na kichwa kinapasuka, akadhani ni malaria. Mwambie mama aweke pamba masikioni.

Dalili: maji yanaguguma ndani ya mpira

Shemeji yangu wa Mwanga, Kigoma, alinipigia saa kumi alfajiri akisema mashine yake inachemka. Haikuwa inachemka. Hewa yenye joto na unyevu kutoka kwenye kisanduku cha maji ilikuwa ikipoa njiani, ikigeuka umande, na umande ukikusanyika kwenye bonde la mpira. Maji yakikaa pale yanapunguza tundu; mpira wa 15 ukiwa na maji nusu si mpira tena. Zaidi ya hapo msukumo unaruka-ruka, na mashine zinazojirekebisha zenyewe zinaweza kudhani ni pumzi zako.

Nikamuuliza: feni iko wapi? Ikawa inapuliza moja kwa moja juu ya mpira. Akaigeuza, akashusha unyevu, kwisha. Kigoma ziwa linatosha, hewa ina unyevunyevu wake hasa masika, na kisanduku cha maji hakihitaji kufanya kazi kama huku kwetu. Tabora ni tofauti: kiangazi pua inakauka mpaka inatoa damu, mtu anapandisha unyevu hadi mwisho, kisha baridi ya Julai alfajiri inaukuta mpira uko nje ya blanketi. Uingize ndani ya blanketi, au uushonee mfuko wa kitambaa kizito kama soksi ndefu. Na weka mashine chini ya usawa wa kichwa chako, juu ya kigoda badala ya meza, ili maji yakitokea yarudi yalikotoka yasije usoni.

Ya kuweka kwenye kisanduku ni maji yaliyotoneshwa, na ukiyakosa, ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Ukoko mweupe utaondoka kwa siki. Watu huniuliza kuhusu maji ya betri. Hapana. Dukani chupa ya maji ya betri na ya asidi ya betri hukaa rafu moja zikifanana, na mimi sitaki kuja kwenye mazishi yako.

Dalili: ilikuwa sawa mpaka nilipohamisha kitanda

Yaani soketi ikawa mbali, mtu akaunganisha mipira miwili. Upotevu unafuata urefu: mara mbili ya urefu, mara mbili ya upotevu. Kwa mipira mipana miwili unafika 0.6, unavumilika. Kwa myembamba miwili unakaribia 1.8, na mashine yako inajua habari ya mmoja tu. Nunua waya wa kuongezea umeme, ni rahisi kuliko pumzi.

Na wapo walioenda duka la vifaa vya ujenzi wakarudi na mpira wa bustani wa nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa kipeo kilekile cha tano, unakula msukumo kama mara saba na nusu ya mpira wa 19. Juu yake kuna harufu ya plastiki ambayo utaivuta kwa muda wa saa nane, na unajikunja kwenye kona ukaziba kabisa. Mvumbuzi wa tiba hii, Colin Sullivan wa Sydney, mwaka 1981 alianza kwa kugeuza mota ya mashine ya kufagilia vumbi, kwa hiyo ubunifu siudharau. Ila yeye alikuwa maabara, na mgonjwa wake akitazamwa usiku kucha.

Dalili: namba ya uvujaji imepanda, barakoa haina kosa

Panya. Au mpira umechanika pale unapoungana na mdomo mgumu, ambapo huwa tunaukamata tukiuvuta. Ufa ule hauonekani mpaka mpira unyooke. Fanya kama fundi baiskeli: ondoa mpira kwenye mashine, ziba mdomo mmoja kwa kiganja, uzamishe kwenye beseni, upulize mdomo wa pili huku ukiunyoosha kipande kwa kipande. Viputo vitakuonyesha. Kisha uuning'inize ukauke kabisa kabla ya kuurudisha. Usiukaushe kwa kuwasha mashine ukiwa bado unadondosha maji.

Gundi na plasta ya umeme ni ya usiku mmoja. Kwenye mashine za kampuni ya ResMed uvujaji ukivuka lita 24 kwa dakika, mashine yenyewe inakuonya kuwa umezidi. Zaidi ya hapo vipimo vyake vya usiku usivitegemee sana.

Dalili: chembe nyeusi ndani ya mpira

Acha kuitumia mashine, piga simu hospitali. Mashine nyingi zinazotufikia zimetumika kwanza nje, na Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita mashine zake kadhaa zirudishwe, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake iliweza kumomonyoka na chembe zikaingia kwenye njia ya hewa. Soma jina la mashine na namba iliyoandikwa chini yake, uulize kama ni miongoni mwa hizo. Kubadilisha mpira hakusaidii hapo.

Dalili: kila kitu kiko sawa, lakini mchana bado nasinzia

Tazama kioo cha mashine asubuhi, ile namba ya mikatiko ya pumzi kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida. Kama iko 3 na bado unasinzia kwenye daladala, ugonjwa wako unaweza kuwa mwingine, au unalala kwa muda wa saa nne tu ukijidanganya ni nane. Kama imepanda kutoka 3 kwenda 12 wiki ileile uliyobadilisha mpira, anza upya na utambulisho. Kama imepanda na mpira ni uleule wa miaka, mwili wako ndio umebadilika, labda unene, labda dawa, labda pua. Hiyo ni kazi ya daktari, hospitali ya Kitete huku Tabora au Maweni kule Kigoma, naye akiona inafaa atakuandikia barua ya rufaa.

Wenye mashine za misukumo miwili, mmoja wa kuvuta pumzi na mmoja wa kutoa, zile zinazopanda juu ya 20, wasome kijitabu kabla ya kufunga mpira wowote mwembamba. Kadiri msukumo unavyopanda, vitundu vya barakoa vinatoa hewa zaidi, mwendo ndani ya mpira unaongezeka, na lile pengo la 0.9 linakua. Mpira wa 12 kwa mashine hizo mimi singeujaribu.

Mpira wangu mnene sijautupa. Umening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, umeoshwa, umekauka, nimeufunga kikaratasi kilichoandikwa 19 kwa kalamu nyekundu. Shemeji akija kutoka Kigoma na treni, huo ndio huwa tunapimia wa kwake.